Vidonge vya Kuhuisha Maiti

Bi Shahinaz alishuka ngazi za nyumba ya Bahgat akiwa amevimba kuliko bata aliyemwacha mezani. Alipofika ghorofa ya chini, akidhani mlango wa juu umeshafungwa, alimwambia mwanawe kwa sauti iliyowafikia maseremala wa ng'ambo ya mto:

"Yule mwanamke kaniangalia kama anaangalia soksi ya mtu mwingine. Jicho nusu! Na bata hakumgusa. Mimi, niliyekula meza moja na waziri!"

Hakuwahi kula meza moja na waziri. Mumewe aliwahi kumuuzia waziri kabati, na waziri akalirudisha kwa kuwa mlango wake ulikuwa unalia. Lakini hapa Dumyat, mji ambao kila mwanamume ni fundi wa samani na kila mwanamke ni mkaguzi wa samani za jirani, kabati likipanda cheo mwenyewe naye hupanda.

"Ni mgonjwa, mama," kijana alisema.

"Mgonjwa wa kiburi. Binti ni mzuri, sikatai. Lakini sitasoma Fatiha ya uchumba na mtu anayenikunjia kope. Aje anitazame kwa macho mawili, kama watu, ndipo tuzungumze."

Mwenye jicho nusu, Inshirah, alikuwa jikoni ameegemea friji, amejibandika pakiti ya mboga ya mulukhiya iliyogandishwa juu ya jicho la kulia. Huo ulikuwa ujanja wake mwenyewe. Baridi ilikuwa ikiinyanyua kope, ikakaa juu kwa muda wa kumuaga mgeni mmoja, kisha ikashuka tena kama pazia la duka. Ugonjwa wake ulikuwa wa misuli: kadiri unavyoitumia ndivyo inavyokwisha nguvu. Asubuhi alikuwa mtu kamili. Alasiri kope zilianza kulala, na jioni taya liligoma kutafuna. Alikuwa na vidonge vya hospitali vya kumpitisha mchana, na alivimeza kwa saa zake kama anavyoswali.

Mumewe Bahgat, fundi wa kupaka rangi ya dhahabu viti vya watu wenye sebule kubwa, alisimama mlangoni akijikuna vidole.

"Ungejikaza kidogo, mama Nihal. Kipande kimoja tu cha bata."

"Taya lilikuwa limechoka."

"Taya linachokaje?" sauti ilitoka kwenye kochi la sebuleni. Ilikuwa ya mama yake Bahgat, Hajjati Tafida, aliyekaa kwenye kochi lile tangu alipofiwa na mumewe na hakuwa na nia ya kuhama. "Ulimi hauchoki, taya tu ndilo linachoka! Mimi ananitazama hivyohivyo miaka yote hii. Leo kamtazama tajiri, ndipo mmeona ni tatizo."

Inshirah alishusha pakiti, akamgeukia mkwewe kwa jicho lililokuwa limefunguka vizuri kabisa, akamtazama kuanzia leso ya kichwani mpaka soksi za sufi, polepole, kama mnunuzi anayekagua kiti na kuamua kukiacha dukani.

"Umeona?" Hajjati aliita. "Umeona, Bahgat? Hili ndilo lenyewe!"

Bahgat hakuona kitu. Bahgat alikuwa na kipaji cha kutoona.

Kwenye chumba cha pili binti yao Nihal alilia juu ya mto, akihakikisha analia kwa sauti ya kutosha.

*

Aliyekuja kuwaokoa alikuwa Wagdi, kaka yake Bahgat. Kwa miaka mingi Wagdi alifundisha baiolojia katika sekondari ya wavulana, na katika miaka yote hiyo kitu kimoja tu kilimwingia kichwani kikakaa: kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna vijidude virefu kama maharage, mitokondria, navyo vinaitwa nyumba ya nishati. Alikuwa akivichora ubaoni kwa chaki nyekundu mpaka wavulana wakalala, na inasemekana siku moja hata nzi wa darasa lile walianguka wenyewe. Alipostaafu aliingia kwenye biashara ya virutubisho, akaota kijitumbo na cheo. Sasa alijiita Daktari.

"Magonjwa yote sugu ni ugonjwa mmoja," alisema, akichora maharage kwenye kitambaa cha karatasi. "Kisukari, yabisi, kope kulala, kukosa hamu ya mume. Nyumba ya nishati imezimika taa. Madaktari wa hospitali hawasemi kwa sababu wakisema watakula wapi?"

"Wewe unakula wapi?" Inshirah alimuuliza.

"Shemeji, mimi natoa huduma."

"Daktari wangu anasema shida ni amri ya neva kutofika kwenye misuli. Hakutaja nyumba."

"Hakutaja!" Wagdi alimpiga kaka yake kofi la paja, akafurahi kama mvuvi aliyevutwa kamba. "Hakutaja kwa kuwa hajui. Mimi nimeifundisha nyumba ya nishati kabla yeye hajaota ndevu."

"Ni mwanamke," alisema Inshirah.

Wagdi akatoa mkoba. Akapanga mezani makopo ya vidonge vya ganda: cha kuwasha taa, cha kusafisha nyumba, na kimoja kikubwa cha madini "kinachobeba ukuta". Kuhusu bei alisema ndugu ni ndugu, kwa hiyo watapewa bei ya ndugu. Majirani waliokuwa wakinunua kwake walikuja kujua baadaye kwamba bei ya ndugu ilikuwa ndiyo ya juu.

Ndani ya kopo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa. Hajjati Tafida aliinyakua, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Sasa, mwandishi wa karatasi za dawa, kama Waarabu wote, haandiki irabu. Anaweka herufi tupu na kukuachia kazi ya kutia irabu kutoka kichwani mwako. Na kichwa cha Hajjati, mwenye umri wake na wafu aliowazika, kilikuwa na irabu za namna moja tu. Herufi za mwanzo wa mitokondria ni zilezile za neno maiti.

"Hu-hu-isha... maiti... wa Kondria," alisoma. Akavua miwani. "Kondria ni wapi?"

Nihal alicheka huku machozi hayajakauka. "Ni kule Uyunani, bibi."

"Na maiti wao wanahuishwa?"

"Wanaamka wanaenda sokoni," alisema Inshirah.

Watu wote walicheka isipokuwa Hajjati, ambaye aliirudisha karatasi koponi mwake kwa adabu kubwa na kulitazama kopo lile kwa muda mrefu. Alikuwa amefika umri ambao mtu akisikia habari ya maiti hujihisi anatajwa jina. Na aliwaza, kwa uchungu wa haki kabisa, kwamba dawa ya kumrudisha mtu kutoka kaburini anapewa huyu mwenye kope, ambaye bado kijana, na yeye aliye jirani na mlango wenyewe hakuulizwa hata kwa heshima.

*

Kuanzia kesho yake Hajjati alianza kuiba.

Aliiba kwa utaratibu wa mtu aliyelea watoto wa kiume. Inshirah alipokuwa sokoni, yeye alifungua kila ganda, akajimwagia ungaunga kwenye kijiko cha asali, akalijaza ganda tupu kwa unga wa dengu wa jikoni, akafunga tena. Kidonge kikubwa cha kubeba ukuta alikipenda zaidi, kwa kuwa kilikuwa kikubwa. Basi Inshirah, aliyekuwa amekubali kuvimeza ili mumewe aache kumtazama kama mbwa anayetaka kutoka nje, akawa anameza dengu kila siku pamoja na vidonge vyake vya hospitali.

Na Hajjati naye tumbo likafunguka.

Halikufunguka kama matumbo ya kawaida. Lilifunguka kama lango la bwawa. Alihama kochi lake la miaka yote, akahamia chooni, na familia nzima ikajifunza kunawa kwenye sinki la jikoni. Bahgat alidhani ni samaki wa chumvi. Nihal alidhani ni uzee. Hajjati mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Aliamini kwamba mauti yanatoka, na kwamba hapakuwa na njia nyingine ya kuyatoa. "Yaende," alisikika akisema nyuma ya mlango. "Yaende salama."

Inshirah aliendelea kama alivyokuwa, mzima asubuhi, hoi jioni. Lakini katika nyumba ambayo watu wanataka kuona nafuu, nafuu haikosekani. Bahgat akasema kope imepanda. Nihal akasema ndiyo, imepanda kidogo. Wagdi akaja asubuhi moja, saa ambazo mke wa kaka yake alikuwa siku zote na macho mawili, akampiga picha za video kwa simu.

"Sema, shemeji. Ulikuwaje na sasa ukoje."

"Nilikuwa naumwa. Na sasa nimechelewa kuweka maharage ya ful jikoni."

Wagdi alikata sehemu ya ful, akaieneza iliyobaki mji mzima. Ilipomfikia Bi Shahinaz, aliitazama mara nyingi, akahesabu macho, akakuta ni mawili. Akatuma salamu: Ijumaa, baada ya alasiri, watakuja kusoma Fatiha.

"Alasiri!" alisema Inshirah. "Mwambieni asubuhi. Asubuhi nitamtazama mpaka achoke yeye."

"Tajiri haambiwi saa," Bahgat alijibu.

"Basi nitakuwa na mulukhiya yangu."

"Hapana," Wagdi alisema. "Hapana, shemeji. Huwezi kumpokea mama mkwe wa bintiyo na mboga usoni. Nitakupa dripu."

*

Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini, Wagdi alikuja na mfuko wa maji ya rangi ya mkojo wa ngamia na cheti cha mafunzo ya kutundika dripu, alichokipata kwa kuhudhuria semina kwenye ukumbi wa harusi. Aliutundika mfuko kwenye kiango cha nguo alichokipaka Bahgat, chenye maua ya dhahabu na kichwa cha malaika.

"Mna nini humo?" Inshirah aliuliza.

"Vitamini. Na madini yaleyale ya kubeba ukuta, ila haya yanaingia moja kwa moja, hayapiti tumboni."

"Daktari wangu alisema kila dawa mpya nimuulize kwanza."

"Leo Ijumaa, siku ya mapumziko. Utamuuliza wapi, baharini?" Wagdi aliupapasa mkono akitafuta mshipa. "Na kile kidonge chao cha mchana usikimeze leo. Vitagombana. Iache nyumba ya nishati ifanye kazi yake."

Inshirah aliuvuta mkono. Akamtazama mumewe. Bahgat alimtazama malaika wa dhahabu.

"Kwa ajili ya mtoto, mama Nihal," Bahgat alisema kwa malaika. "Jioni moja tu."

Nihal alikuwa mlangoni na gauni lake jipya, uso wote umekuwa ombi. Inshirah alimwona. Akaurudisha mkono.

Wageni walipobisha, mfuko ulikuwa mtupu. Inshirah aliletwa sebuleni ameshikwa kwapani na mumewe, akaketishwa kwenye kiti cha mbele, mbele ya Bi Shahinaz na dhahabu zake zote. Kope zote mbili zilikuwa chini. Si moja, mbili. Kichwa kilianza kuinama, akakiegemeza kwenye mgongo wa kiti, kidevu kikanyanyuka, ikawa sasa anamtazama mgeni wake kwa upenyo mwembamba kutoka juu ya pua.

"Masalkheri, mama Nihal," Bi Shahinaz alisema.

Inshirah alijibu kitu, lakini sauti ilipitia puani, nyepesi, kama mtu anayemjibu mwombaji barabarani.

Bi Shahinaz akageuka rangi. "Tusome Fatiha tuondoke," alimwambia mumewe.

Wanaume wakanyanyua viganja. Wanawake wakanyanyua viganja. Midomo yote ikaanza kutembea. Viganja vya Inshirah vilibaki mapajani, na midomo yake haikutikisika. Mate yalikuwa yamejaa mdomoni na koo lilikataa kuyapokea. Ndani ya kichwa chake alikuwa akipiga kelele. Alitaka kukunja uso ili waone, uso haukukunjika. Hofu yote aliyokuwa nayo, na ilikuwa ya kujaza nyumba, haikupata msuli hata mmoja wa kuibeba mpaka nje. Nje palikaa mwanamke mtulivu aliyechoshwa na wageni.

"Amina," walisema wote.

"Hata Fatiha!" Bi Shahinaz alisimama. "Mashahidi nyote! Hata Fatiha anaidharau!"

"Sumu zinatoka," Wagdi alieleza haraka, akitabasamu huku na huku. "Ni kawaida kabisa. Nyumba ikifagiwa vumbi hupanda. Mpeni nusu saa."

"Mama Nihal, kaa vizuri," Bahgat alinong'ona. "Unatuaibisha."

Wakati huo ndipo mlango wa choo ulipofunguka, Hajjati Tafida akatoka akijifunga leso. Alikuja taratibu mpaka katikati ya zulia. Alikuwa amekuja kumsalimu tajiri. Badala yake aliinama, akauweka uso wake mbele ya uso wa mkwewe, karibu kabisa, kama anayesoma karatasi isiyo na irabu.

"Huyu hadharau mtu," alisema.

"Hajjati, tafadhali," Wagdi alianza.

"Nyamaza. Dharau ya huyu mwanamke naijua mimi. Miaka yote hii nimeilia chakula, nimeinywea chai, nimelala nayo. Dharau yake ina moto. Inaanzia hapa kwenye leso inashuka mpaka soksi. Hii haina kitu. Hii nyumba haina mtu!" Aliweka kiganja kifuani pa Inshirah. "Wallahi hapumui. Anavuta pumzi kama paka. Bahgat! Mkeo anakufa, wewe unampanga akae vizuri!"

"Mama, ametumia vidonge wiki nzima na vimemfaa..."

"Hajatumia hata kimoja! Nimekula mimi!" Hajjati alijipiga tumbo mbele ya mwenye duka kubwa la samani na mkewe. "Nimevila vyote, na vimeniharisha mpaka nimemkumbuka mama yangu! Yeye kala dengu. Nafuu yako yote ile, Wagdi, ile uliyoipiga picha, ilikuwa ya dengu. Leo ndiyo mara ya kwanza dawa yako kumwingia. Mtazame!"

Hakuna aliyesogea. Watu wenye heshima wakikutana na aibu kwanza husubiri mwingine aisogelee. Nihal ndiye aliyetupa maua aliyoletewa na wageni, akamshika mama yake kichwa, akakigeuza upande ili mate yatoke, akapiga yowe la kumwita dereva wa Bi Shahinaz. Mama akabebwa kwenye gari lenye viti vya ngozi, na mate yakamwagika kwenye ngozi hiyo, na hiyo nayo ilikuwa heri.

*

Daktari wa zamu, msichana mwembamba mwenye viatu vya michezo, alimwingiza Inshirah bomba la hewa kooni kwanza, kisha akatoka nje kuuliza maswali.

"Alipewa nini?"

Bahgat alitazama viatu vyake. Wagdi alimsogelea sikioni: "Sema samaki wa chumvi. Familia ni moja."

"Nauliza alipewa nini?"

"Madini," Nihal alisema. "Ya kubeba ukuta. Kwa dripu. Na kidonge chake cha mchana walimkataza."

"Magnesiamu? Kwa mgonjwa wa huu ugonjwa?" Daktari alivua glavu taratibu, kama mtu anayejizuia asizitumie. "Hayo ndiyo yanayoilegeza misuli iliyokwisha kulegea. Nani alisema ana shida ya nishati? Umeme kwake upo tele. Swichi ndiyo mbovu, na nyinyi mmekata nyaya. Ni nani aliyemtundikia?"

Bahgat akarudia kutazama viatu vyake. Alikuwa amempenda kaka yake tangu utotoni na hakuwa na kitu kingine alichozoea kukifanya.

Hajjati Tafida aliinua fimbo yake ya kutembelea, akamwelekezea Wagdi.

"Huyu," alisema. "Nimemzaa mwenyewe."

Wagdi alisema hadharani kwamba mwili wa shemeji yake haukuwa tayari, kwamba kipimo kilikuwa kidogo, kwamba hospitali ilikuwa inamwonea wivu. Ile video ilibaki kwenye simu za watu, na mpaka leo wapo wanaoitazama na kumpigia kuuliza kopo. Bi Shahinaz naye, kabla gari halijakauka, alikuwa ameshauambia mji kwamba ni yeye aliyegundua kwanza: alimtazama mgonjwa mara moja tu akajua, kama alivyowahi kumgundua waziri. Mtu aliyeokoa maisha ya mama hawezi kumkataa binti, kwa hiyo ndoa ikakubaliwa. Bahgat alikitoa kiango cha malaika kwenye chumba cha kulala, akakiuza. Hilo ndilo tendo la kishujaa alilolimudu.

Bomba lilipotolewa, Inshirah alirudishwa nyumbani akiwa na sauti ya mchanga na kope mbili nzito. Akalazwa kwenye kochi, lile lile, na Hajjati akahamia kiti cha mbao bila kuombwa. Siku ya kwanza mkongwe alimletea mchuzi wa mulukhiya aliouchuja kuwa mwepesi kabisa, akamlisha kwa kijiko. Inshirah alimeza. Hakuwa na neno wala jicho. Siku iliyofuata vilevile. Hajjati alimlisha, akamfuta kidevu, na kila mara aliinama kumchungulia usoni, akarudi jikoni amesononeka.

"Hajanitazama," alimwambia Bahgat. "Hata kidogo. Utadhani mimi mgeni."

Asubuhi moja alileta mchuzi, na mchuzi ulikuwa na chumvi kupita kiasi, kama mchuzi wake wote tangu ujana. Inshirah aliuonja. Akakiacha kijiko hewani. Akainua mkono dhaifu, akaiweka ncha ya kidole chini ya nyusi, akaisukuma kope ya kulia juu, mpaka jicho likawa wazi lote. Kisha akamtazama mkwewe, kuanzia kwenye leso, akashuka polepole, mpaka kwenye soksi za sufi, akakaa hapo, akapandisha tena.

Hajjati Tafida aliweka bakuli chini.

"Bahgat!" aliita. "Njoo uone, mwanangu! Mshenzi huyu amepona!"